Mzee na Wimbo wa Ujana Wake

Mtu akizeeka, je, wimbo alioutunga ujanani uzeeke pamoja naye, au ubaki kijana peke yake? Swali hili laweza kuonekana la mzaha, la watu walioshiba wakakosa kazi ya kufanya. Kwa maoni yangu si la mzaha hata kidogo. Ndani yake yamo maswali mawili mazito: ni kitu gani hasa tunachokipenda tunapopenda kazi ya mtu, na tuna haki ya kumdai nini mtu huyo baada ya nguvu zake kupungua?

Hapa Singida swali hili husikika kwenye mabenchi ya kahawa, hasa pale simu ya kijana fulani inapotoa wimbo wa zamani uliopigwa upya jukwaani na wenyewe wakiwa wazee. Papo hapo watu hugawanyika. Mmoja husema, "Huyu siye. Gitaa la mwaka 1974 halikuwa hivi." Mwingine humjibu, "Hata wewe, mzee mwenzangu, mwaka 1974 hukuwa hivyo." Watu hucheka, vikombe hujazwa tena, lakini ubishi hauishi.

Ubishi huu si wetu peke yetu. Huko Uingereza yupo mpiga gitaa aitwaye Steve Hackett, aliyezaliwa mwaka 1950, rika langu. Kuanzia mwaka 1971 hadi 1977 alikuwa katika bendi ya Genesis, iliyopiga roki ya nyimbo ndefu zenye mafundo mengi, hata wimbo mmoja ukaweza kumaliza karibu upande mzima wa santuri. Tangu aondoke ametunga mengi yake mwenyewe, lakini kwa miaka mingi sasa huzunguka nchi na nchi akizipiga tena nyimbo zile za ujana wake, na maonyesho hayo hurekodiwa na kuuzwa. Mwaka 2013 lilitoka onyesho la Hammersmith, London, na mengine yakafuata. Kila litokapo jipya, mashabiki wake, ambao wengi nao wana mvi, hubishana sawasawa na wazee wa benchi letu. Wapo wanaosema vidole vyake vimekomaa kuliko zamani. Wapo wanaosema sauti ya mwimbaji si ile. Na wapo wanaouliza kwa nini mtu anunue mara ya tano wimbo ambao tayari anao.

Niwatetee kwanza wanaoshikilia kanda ya zamani, maana mara nyingi huonewa kwa kuitwa washamba wa wakati. Sisi wa bara, bendi za Dar es Salaam, Morogoro na Tabora tulizijua kwa masikio kabla ya kuziona kwa macho. Redio ilikuwa moja kwa nyumba nyingi, na betri zikichoka zilianikwa juani ili zipate uhai wa jioni moja zaidi. Wimbo uliosikika mara mia kwa namna ile ile, mpaka mapumziko ya mpiga solo nayo yakajulikana, hatimaye ulikuwa mali ya wasikilizaji pia. Kwa wimbo huo mtu alioa, kwa wimbo huo alimkumbuka ndugu aliyekwenda kufanya kazi mbali. Basi mtunzi anapoubadilisha baada ya miaka 40, msikilizaji huona kana kwamba mtu ameingia nyumbani kwake usiku akahamisha vyombo. Malalamiko yake si ya ujinga. Ni malalamiko ya mwenye mali.

Hata hivyo, hebu tuulize kanda hiyo ilipatikanaje. Nyimbo nyingi tuziitazo zilipendwa zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi nzima ilikusanyika katika chumba kimoja, magitaa, ngoma, tarumbeta na waimbaji, mashine ya utepe ikawashwa, wimbo ukapigwa tangu mwanzo hadi mwisho. Akikosea mmoja, walirudia wote. Hapakuwa na njia ya kumwita mpiga gitaa wiki iliyofuata aje kuziba pengo lake. Maana yake ni kwamba hicho tunachokiita wimbo wenyewe kilikuwa onyesho la siku moja, mbele ya fundi mitambo badala ya wacheza dansi. Huenda siku ile mwimbaji alikuwa na mafua. Huenda mpiga solo usiku uliotangulia, ukumbini, alikuwa amepiga vizuri mara mbili zaidi, na upepo ukachukua. Kanda ni shahidi mwaminifu, lakini ni shahidi wa siku moja tu. Tukimfanya shahidi huyo kuwa hakimu wa siku zote, tunampa kazi asiyoiweza.

Tazama watu wawili. Mbaraka Mwinshehe alipiga gitaa na Morogoro Jazz, akafika nayo Japani kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970, akaunda Super Volcano mwaka 1973, na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Muhidin Maalim Gurumo alijiunga na NUTA Jazz mwaka 1964, akawa miongoni mwa waliounda Mlimani Park mwaka 1978, akaenda Safari Sound mwaka 1985, akarudi Msondo, akastaafu mwaka 2013 na kufariki Aprili 2014. Mbaraka hatumjui akiwa mzee. Kifo kilimtunza, na gitaa lake halitaongezeka wala kupungua. Gurumo tulimsikia kwa karibu miaka 50, sauti ikipanda, ikikomaa, ikichoka. Sasa niulize: je, Gurumo alitukosea kwa kuishi? Maana ukimsikiliza vizuri anayesema "huyu siye", utaona anamtaka aliye hai awe kama marehemu, asiyebadilika. Hilo ni dai zito kumtwika mtu kwa sababu tu tulimpenda.

Yupo na wa tatu, ambaye habari zake zinatuunganisha na wale Waingereza. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Kongo, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 akapiga na Orchestre Makassy, kisha akapata jina kubwa zaidi na Super Matimila. Mwaka 1988 alikwenda Ulaya na maonyesho ya WOMAD, na mwaka 1989 sahani yake ya Songs for the Poor Man ilitolewa na kampuni ya Real World. Miongoni mwa waanzilishi wa WOMAD na Real World alikuwemo Peter Gabriel, yule yule aliyekuwa mwimbaji wa Genesis wakati Hackett akipiga gitaa. Nimewasikia watu wakizilinganisha kazi za Remmy za Dar es Salaam na zile za Uingereza. Mmoja anasema kule sauti zilisafishwa mno, jasho la ukumbini likafutwa. Mwingine anasema ni kule tu ndiko alikosikia kila gitaa linasema nini. Kwangu mimi wote wawili wanasema kweli, kwa kuwa wanasikiliza siku mbili tofauti za mtu mmoja. Tena Remmy mwenyewe alituongezea fumbo: miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki Desemba 2010, aliuacha muziki wa dansi akaimba nyimbo za dini. Wapo waliosikitika kana kwamba wameibiwa. Lakini roho ya mtu haikuwa kwenye orodha ya vitu tulivyonunua pamoja na kanda.

Wala tusidhani kwamba kubadilika kwa wimbo ni jambo la kizazi hiki. Siti binti Saad alirekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, na alifariki mwaka 1950. Nyimbo zake kadhaa ziliendelea kuimbwa na Bi Kidude mpaka uzeeni kabisa, karibu na kifo chake Aprili 2013, kwa sauti nzito iliyokwaruza ambayo haikufanana na ya Siti. Dunia haikumwambia anyamaze kwa kuwa santuri ipo. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Wimbo ulikuwa umepita mikononi mwa mwingine ukaendelea kuishi, kama hadithi ya bibi inavyosimuliwa na mjukuu.

Katika chuo cha ualimu tulikuwa tukiwataka wanachuo waandike andalio la somo kila siku, hata kwa somo ambalo mwalimu amekwisha kulifundisha miaka 20. Wengi waliona ni usumbufu. Waliuliza, kama somo ni lile lile, kwa nini lisitumike andalio la mwaka jana? Jibu ni kwamba somo halimo katika daftari. Somo liko kati ya mwalimu wa leo na watoto walioketi mbele yake leo. Daftari la mwaka jana ni kumbukumbu nzuri, lakini halijui kwamba leo mtoto wa dawati la tatu hajala. Onyesho la jukwaani ndivyo lilivyo. Mzee anapopiga polepole wimbo ambao ujanani aliupiga kwa haraka, yawezekana vidole vimechoka. Yawezekana pia kwamba amegundua jambo ambalo kijana hakuwa na muda wa kulisema.

Hapo sasa lazima tujihadhari na kosa la upande wa pili, ambalo kwangu ni baya zaidi kuliko la wapenda kanda. Ni kosa la kumsifu mzee kwa sababu tu ni mzee. Anapanda jukwaani, anapotea katikati ya wimbo, gitaa halikuwekwa sawa, nasi tunapiga makofi na kusema, "Muacheni, ametoka mbali." Tunadhani tunamheshimu. La hasha. Mwalimu anayempa mwanafunzi alama za huruma amekwisha kuamua moyoni kwamba huyu hana awezalo. Huruma ya namna hiyo humwondoa mtu katika orodha ya wafanya kazi na kumweka katika orodha ya wagonjwa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakusema mgema kijana tu.

Heshima ya kweli, kwa maoni yangu, ni kumsikiliza mtu kwa kazi aliyoifanya leo, na kuihukumu kwa kadiri ya inachojaribu kufanya. Ikiwa njema, tuseme ni njema bila kuongeza "kwa umri wake". Ikiwa mbovu, tuseme kwa adabu kwamba ni mbovu. Msikilizaji anayeweza kusema hivyo ndiye pekee ambaye sifa yake ina thamani kwa msanii.

Naye msanii ana deni lake. Wimbo una mifupa na una nyama. Nyama yaweza kubadilika, lakini akivunja mifupa hana haki ya kuuita kwa jina lile lile. Deni la pili ni ukweli. Onyesho likiuzwa kwamba ni la jukwaani, basi liwe la jukwaani. Siku hizi tumezoea waimbaji wanaosimama mbele ya watu na kufumbua midomo huku pleibeki ikiimba kwa niaba yao. Na hata rekodi za maonyesho zaweza kupelekwa chumbani, makosa yakaondolewa na sauti zikarekodiwa upya. Kurekebisha si dhambi, ikiwa mnunuzi ameambiwa. Lakini kumuuzia mtu makosa yaliyofichwa kwa jina la ukweli ni sawa na muuza mafuta ya alizeti anayejaza chupa kwa mafuta mengine. Mzee anayekosea noti mbili mbele yetu ametupa kitu halisi kuliko kijana asiyekosea kwa sababu hapigi.

Liko jambo moja zaidi ambalo wazee wa benchi hawalitaji, nalo ni mkate. Wale walioimba Radio Tanzania hawakupata mrabaha kila wimbo ulipopigwa hewani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, wakati wengi wao walikwisha kuzeeka au kuzikwa. Kwa mwanamuziki kongwe, kanda ile tunayoiabudu haikumjengea nyumba. Kilichomlisha ni jukwaa: usiku wa leo, kiingilio cha leo, vidole vya leo. Basi anayesema, "Mimi natosheka na kanda, haya mapya sitaki," ana uhuru wa kusema hivyo, lakini ajue kwamba mapenzi yake hayamgharimu chochote wala hayamfai yule anayempenda. Ni mapenzi ya mtu anayetunza picha ya mama yake ukutani na kusahau kumpelekea unga.

Nikiutazama ubishi huu kwa utulivu, naona kwamba mara nyingi haumhusu mpiga gitaa. Unatuhusu sisi. Tunaposema sauti si ile, kwa kweli tunalilia goti ambalo halikuuma, rafiki ambaye hakuwa amekufa, jioni ambayo haikuwa na dawa za presha. Vitu hivyo havimo katika gitaa la mtu yeyote, na kumdai mwanamuziki aturudishie ni kumdai mtu deni asilokopa. Kanda na tuitunze vizuri, maana ndiyo ushahidi kwamba ujana ulikuwepo. Lakini jungu kuu halikosi ukoko, na ukoko hauliwi kwa kulinganishwa na ubwabwa. Yule aliyeutunga wimbo angali anao la kutuambia kuhusu wimbo huo. Akisimama leo na gitaa lake, tumpe sikio la leo.