Hilo Usimwambie

Mwalimu akisema “mimi”, kidole changu hugusa kifua changu. Mkalimani wa lugha ya ishara hasemi “mwalimu anasema kwamba”; anasema kana kwamba ndiye mwenyewe. Kwa hivyo saa tatu mimi ni mwalimu wa Kemia, saa nne ni wa Historia, na katikati hapo ni yule msichana wa nyuma anayelia njaa.

Lakini kuna siku mwalimu alisema mbele ya darasa zima kwamba kijana fulani, hata afanyeje, hatafika mbali. Kisha akanigeukia: “Hilo usimwambie.” Darasa likacheka. Aliyekuwa akisemwa ndiye peke yake ambaye hakusikia.

Nilitafsiri. Hata lile “usimwambie” nikalitafsiri. Kijana akajibu kwa mikono, nami nikamsemea kwa sauti: “Mimi nataka kuwa fundi wa stima. Huko ni mbali kiasi gani?”

Wenzangu kadhaa waliniambia sina utu. Hoja yao si ya kupuuzwa: huyu bado ni mtoto, na tusi lilimfikia kupitia mikono yangu. Si ningenyamaza tu?

Ningenyamaza, angeuliza mbona watu wanacheka. Kiziwi husoma nyuso kutushinda. Ningemjibu nini? “Si kitu, nitakuambia baadaye”? Hayo ndiyo majibu ambayo viziwi wengi wamelishwa mezani kwao tangu utotoni, na hiyo baadaye haifiki. Mwanafunzi anayesikia hachujiwi matusi. Akitukanwa anajua, anaweza kukasirika, kujibu, au kumwambia mamake. Kwa nini huyu apewe huruma badala ya habari? Kifungu cha 120 cha Katiba ya 2010 kinaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kama lugha rasmi ya Bunge, sawa na Kiswahili na Kiingereza. Haikusemwa ni ya habari njema pekee.

Kinachonisumbua mpaka leo ni uso. Katika lugha hii nyusi, mdomo na mabega ni sehemu ya sarufi; dharau isiyoonekana usoni haijatafsiriwa. Ilibidi nimtazame yule kijana kwa dharau, tena ya kutosha. Mwalimu alikuwa ameangalia ubao.

Siku hizi mwalimu mgeni akiingia namwambia mapema kwamba kila atakachosema nitakisema. Wengi hucheka. Mmoja aliniuliza, “Hata nikiteleza?”

Hata ukiteleza, ticha.