Harusi ya Karen Ilitosha Kutuonya

Mwezi Mei 2017 kulikuwa na harusi mtaani Karen, Nairobi. Baada ya karamu, baadhi ya wageni walianza kuharisha na kutapika, na ikabainika kuwa ni kipindupindu. Habari hiyo ilitangazwa, watu wakashtuka siku mbili tatu, kisha jiji likarudi kwenye shughuli zake.

Tarehe 22 Juni ugonjwa ukazuka kwenye mkutano uliokuwa ukifanyika katika hoteli moja ya Nairobi. Shirika la Afya Duniani lilitaja wagonjwa 146 waliohusishwa na mkutano huo. Haukupita hata mwezi mmoja. Kati ya tarehe 10 na 12 Julai kulikuwa na maonyesho ya biashara ya China katika jumba la KICC, katikati mwa jiji, na huko wakaugua watu 136. Mawaziri wawili wa serikali walikuwa miongoni mwa waliotibiwa. Ndipo Waziri wa Afya wa wakati huo, Dkt. Cleopa Mailu, akaamuru sehemu mbili za maakuli zifungwe na wanaoshika chakula wapimwe upya.

Harusi, mkutano, maonyesho. Mara zote tatu ni watu wengi waliokula chakula kilichopikiwa umati. Zaidi ya hayo, kaunti ya Tana River ilikuwa imekumbwa na ugonjwa huo tangu Oktoba 2016, na mwanzoni mwa Juni wauguzi wa hospitali za umma walikuwa wamegoma. Dalili zilikuwa wazi, lakini kila mmoja alizichukulia kama habari za kwingine.

Nadhani tulikosea hapo. Wengi wetu tumekua tukiamini kuwa kipindupindu ni ugonjwa wa mitaa ya mabanda kama Mukuru na Kibera, kwamba mwenye kula kwenye mtaa wa kifahari wa Westlands kwa uma na kisu yuko salama. Lakini anayemkatia kachumbari huenda ameamka alfajiri katika mtaa usio na maji ya mfereji, akanunua mtungi wa maji ambayo hakuna ajuaye yalikochotwa. Simlaumu hata kidogo. Maji hayo ndiyo anayoyapata, na watoto wake wanayanywa pia.

Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, haonekani kwa macho. Huishi majini, hata akijishikiza kwenye vidudu vidogo vya humo. Wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa, au huharisha kidogo tu, lakini choo chao huweza kubeba vimelea kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mpishi anaweza kuwa mzima wa afya, anacheka, anafanya kazi yake vizuri, na bado akaambukiza ukumbi mzima. Cheti cha afya kilichobandikwa ukutani kinaeleza hali yake siku aliyopimwa. Kuhusu juzi na jana hakina habari. Kinachotulinda kila siku ni sabuni, maji safi na choo kinachofaa pale anapofanyia kazi, na mwajiri anayemruhusu kukaa nyumbani akiharisha bila kumkata mshahara. Mfanyakazi wa kibarua atasemaje kuwa anaumwa tumbo ikiwa kusema hivyo ni kulala njaa?

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Asidi ya tumboni huua sehemu kubwa ya bakteria hawa kabla hawajafika kwenye utumbo. Anayemeza dawa za kupunguza asidi, na jijini tuko wengi tunaosumbuliwa na kiungulia na vidonda vya tumbo, kinga hiyo kwake imepungua. Asiache dawa aliyoandikiwa na daktari, ila awe mwangalifu zaidi na chakula kibichi na vinywaji.

Mimi pia hualikwa harusini, na glasi ya juisi yenye barafu ikiletwa jua likiwa kali, ni vigumu kuikataa. Tujizoeze kuuliza: barafu hii ni ya maji gani? Wali huu umefunikwa tangu saa ngapi? Ukiwa ndiwe mwenye shughuli, muulize mpishi maji atayatoa wapi kabla hujampa malipo ya awali, na lori la maji likija, yatiwe klorini.

Na ugonjwa ukiingia nyumbani, usingoje kupambazuke. Choo cheupe kama maji yaliyooshea mchele ni dalili ya hatari, kwani mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita 1 ya maji kwa saa na kufariki siku hiyohiyo. Mpe maji ya chumvi na sukari ya dukani, au changanya lita 1 ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Anywe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda hospitali, hata akitapika. Akifikishwa mapema na kuongezewa maji, karibu kila mgonjwa hupona.