Dawa ya Usingizi na Moyo Uliojeruhiwa

Ketamini ni dawa ya usingizi iliyoundwa Marekani mwaka 1962. Siku hizi waganga huwapa kwa kipimo kidogo watu walioelemewa na huzuni nzito isiyosikia dawa nyingine, na wengine hupata nafuu katika muda wa saa chache.

Je, ni halali kuutuliza moyo kwa dawa? Wako wasemao kwamba huko ni kuikimbia nafsi. Sisi hatukubali. Papa Pio XII alifundisha mwaka 1957 kwamba Mkristo aweza kupokea dawa ya kuondoa maumivu. Na maumivu ya moyo si ya uongo.

Linalotutia shaka ni jingine. Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliidhinisha aina ya ketamini ya kupulizwa puani, ikaagiza mgonjwa aangaliwe na wahudumu wa afya si chini ya saa 2, kwa maana akili yaweza kutangatanga. Lakini wako wauzao dawa bila uangalizi. Oktoba 2023 mchezaji sinema Matthew Perry alikufa nyumbani kwake Los Angeles kwa ketamini iliyopita kiasi. Daktari mmoja aliyekuwa amemwuzia dawa hiyo alikiri kosa mahakamani mwaka 2025. Fedha marehemu alikuwa nazo. Wa kuketi naye saa ile hakuwapo.