Nani Analima Shamba la Anayejitolea?

Kuna dada mmoja kijijini kwetu hapa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ambaye mtu akiugua hata kupelekwa Mbarara, majirani humpigia hodi yeye kwanza. Anajua Kiswahili cha Kongo, Kinyarwanda, Kiingereza cha shule na Kinyankole alichokiokota sokoni. Halipwi na mtu. Anafunga kitenge, anachukua chupa ya chai, anapanda gari pamoja na mgonjwa, na baada ya kilomita zipatazo 60 wako kwenye benchi la Hospitali ya Rufaa ya Mbarara wakisubiri kuitwa.

Siku moja nilifuatana nao. Daktari alimwandikia mama mmoja wa Fizi, Kongo, dawa za kumeza asubuhi, mchana na jioni, kila mara baada ya kula. Dada akatafsiri, mama akaitikia. Kisha dada akamgeukia daktari na kusema jambo ambalo hakuulizwa: "Daktari, huyu mama anakula mara moja kwa siku, jioni." Daktari akanyamaza, akaivuta tena ile karatasi, akamtafutia dawa ya kumeza mara moja. Mkalimani wa kuajiriwa angetafsiri sawasawa, pengine kumshinda dada, lakini asingejua sufuria ya mama yule inabandikwa mara ngapi. Hayo huyajua jirani. Na nyumba zinazokula mara moja si chache, hasa tangu mwaka 2025, Shirika la Chakula Duniani lilipokosa fedha na kuwaondolea msaada wa chakula wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda.

Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1958, wakaja Wanyarwanda. Leo tuko hapa Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na mambo mengi yanayotuweka pamoja yanafanywa na watu wasio na mshahara. Wako wahudumu wa afya wa vijiji, wale tunaowaita VHT, mpango ambao Uganda iliuanzisha mwaka 2001: wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za chanjo, chandarua na mtoto mwenye homa. Wako wajumbe wa kamati za wakimbizi, wanaoamkia ugomvi wa mipaka ya viwanja. Nawaheshimu wote kwa moyo wangu wote, na nasema hivyo wakiwa hai wasikie.

Lakini dada yule ana shamba la mahindi na maharage, tena ana watoto wadogo. Akiwa Mbarara, nani yuko kwake? Nilikwenda kutazama. Nilimkuta bibi mmoja Mrundi, jirani wa nyumba ya tatu, akiwapakulia watoto wale uji kutoka sufuria yake mwenyewe, uji ambao ulikuwa wa wajukuu zake. Kijana wa upande wa pili alikuwa amekwisha kuteka maji kisimani na kuziweka jerikeni mlangoni. Tarehe 5 Desemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1985 kwa ajili ya wanaojitolea, anayeitwa mbele kupokea shukrani ni dada. Bibi na kijana hawaitwi, na sidhani kama wao wenyewe wangeitika. Kwangu mimi hao watatu wamemsindikiza mgonjwa mmoja.

Wenyeji wetu wa Ankole, na jirani zao wa Kigezi, walilielewa hili zamani. Wana vyama vya engozi, yaani machela ya kumbebea mgonjwa. Nyumba za kijiji huingia chamani, na mtu akizidiwa mlimani, wanaume hupokezana kumbeba hadi barabarani au zahanati. Hakuna shujaa mmoja wa kupigiwa makofi. Leo begani ni kwako, kesho ni kwangu, na asiyetokea huulizwa.

Nimewaona watu wema wakiacha kujitolea. Walisemwa kwamba wamechoka na watu, nami nilijua kwamba magugu yalikuwa yamemaliza maharage yao. Fulana na cheti vinafurahisha, lakini havipalilii.

Kikundi chetu cha akiba kina mfuko wa jamii, ambao tangu zamani ulikuwa wa misiba na uzazi. Msimu huu tumekubaliana kwamba nauli ya kurudi ya anayemsindikiza mgonjwa Mbarara itoke humo, na siku ambazo hayupo, shamba lake liingie zamu, nyumba baada ya nyumba. Naomba vikundi vya kanda za Juru na Rubondo humu Nakivale navyo vilijadili jambo hili kabla ya mvua za Septemba, maana ni wakati wa kupanda ndipo mtu kama dada huyu hulazimika kuchagua kati ya mgonjwa wa jirani na chakula cha watoto wake.