Talanta Iliyofukiwa na Nani?

Msimu wa kakao, kandokando ya barabara zinazoingia Beni, mashariki ya Kongo, maturubai hutandazwa na mbegu zikaanikwa juani. Mwenye mali huchutama, akazigeuza kwa viganja, akachambua zenye ukungu, akanusa, akageuza tena. Kila apitaye anajua kwamba hayo ni mavuno ya waliofika shambani. Yako mengine yaliyoivia mtini, yakaanguka na kuozea huko huko, maana mwenyewe aliogopa kuipita njia ya porini. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika eneo la Beni yamewahamisha wakulima wengi, na mji wa Butembo umejaa watu walioacha mashamba nyuma yao. Udongo ule haujapungua rutuba.

Mfano wa talanta, katika Mathayo sura ya 25, ambamo bwana anawaachia watumwa wake fedha waizalishe, ukisomwa kwenye parokia za huku hupata wasikilizaji wanaouelewa tangu dukani. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na mtoto hulijua neno mtaji mapema. Talanta yenyewe haikuwa sauti nzuri wala wepesi wa miguu. Ilikuwa uzito wa fedha, thamani ya dinari zipatazo 6,000, yaani ujira wa kibarua wa miaka ishirini hivi. Kwa hiyo hata mtumwa aliyepewa moja alipewa mali nyingi. Kiswahili kililipokea neno hilo, na kando yake kina la kwake: kipaji, lililotoka katika kupa. Mtoaji yumo ndani ya neno. Basi kama Mpaji ni Mungu, na amekwisha kutoa, mbona vipaji vingi vya Kivu haviuoni mwanga?

Swali hilo lilipata sura ya mtu Agosti 7, 2025, huko Montreal. Victoria Mboko, binti wa miaka 18, alimshinda Naomi Osaka wa Japani 2-6, 6-4, 6-1 na kutwaa ubingwa wa tenisi wa Mashindano ya Wazi ya Kanada. Wazazi wake ni Wakongo walioihama nchi kwa sababu ya misukosuko ya siasa. Yeye alizaliwa Charlotte, Marekani, mwaka 2006, akakulia eneo la Toronto. Mwaka 2025 ulipoanza, hakuwamo hata katika 300 bora wa dunia. Alianzia kwenye mashindano madogo, ambako nauli na chumba cha kulala huweza kumeza zawadi yote, akashinda mechi 22 mfululizo. Montreal aliingia akiwa wa 85, kwa nafasi ambayo waandaaji humpa mchezaji wamtakaye. Akawaondoa njiani Sofia Kenin, Coco Gauff na Elena Rybakina kabla ya kumfikia Osaka. Wote wanne wamewahi kushinda taji la Grand Slam. Katika mechi na Rybakina alianguka akaumia kifundo cha mkono, akaokoa pointi ambayo ingemtoa mashindanoni, akashinda.

Muumini akisikia habari hiyo husema Mungu amemwinua mtoto wetu. Ni sawa kushukuru. Lakini shukrani ina namna yake ya kuteleza. Tukisema Mungu alimtoa Kongo ili kipaji chake kichanue, tumesema pia, bila kutamka, kwamba wale waliobaki Oicha, Mbau na Mangina, katika eneo la Beni, aliwaacha. Hakuna mama wa Beni anayestahili kuambiwa hivyo, na imani haimlazimu mtu yeyote kusema hivyo. Thomas wa Akwino alifundisha kwamba neema haiyafuti maumbile, huyakamilisha. Mbegu ni zawadi, lakini itaota palipo na udongo na maji, na ataivuna mtu anayeweza kwenda shambani na kurudi salama.

Miaka mitatu kabla ya Montreal, Julai 2022, Mboko alicheza fainali nyingine ambayo Afrika Mashariki inaikumbuka zaidi kuliko Kongo. Ilikuwa fainali ya wasichana, wawili kwa wawili, Wimbledon. Upande mmoja wa wavu alikuwapo yeye na Mkanada mwenzake Kayla Cross. Upande wa pili walikuwapo Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Okutoyi na Nijkamp walishinda 3-6, 6-4, 11-9. Mama yake Okutoyi alifariki alipomzaa yeye na pacha wake, na bibi yao akawalea Nairobi. Bibi huyo alifanya kazi katika shule ya msingi ya Loresho, na shule ilikuwa na kiwanja cha tenisi. Mtoto aliyeanza kucheza hapo udogoni ndiye aliyekuja kuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam la vijana.

Kiwanja kilikuwa karibu na mlango! Jambo hilo linajirudia mno katika mchezo huu hata haliwezi kupitwa haraka. Arthur Ashe, bingwa wa Wimbledon mwaka 1975, alianza kucheza kwa sababu baba yake alikuwa mtunzaji wa bustani ya Brook Field, iliyotengwa kwa watu weusi jijini Richmond, na familia iliishi ndani ya bustani hiyo, hatua chache kutoka viwanjani. Ashe huyo, akiwa ziarani Kameruni mwaka 1971, alimwona Yaoundé mtoto wa miaka 11 akipiga mpira, akawaarifu wakubwa wa tenisi wa Ufaransa. Mtoto akapelekwa Nice kufundishwa. Jina lake ni Yannick Noah, na mwaka 1983 alishinda Roland Garros. Aliyezoea kulitafuta jicho la Mungu mawinguni aangalie pia jicho la Ashe, lililosimama kando ya kiwanja cha Yaoundé likatazama vizuri.

Mtumwa wa tatu katika mfano, aliyeifukia talanta yake ardhini, alijitetea kwa neno moja zito: aliogopa. Bwana wake alimkemea, na wahubiri wamemkemea tangu hapo. Lakini Beni mtu akisema aliogopa, ana sababu, na makaburi yanamshuhudia. Yafaa basi kuusoma mfano hadi mwisho, pale bwana anapouliza kwa nini fedha haikupelekwa kwa watoa riba. Yeye mwenyewe anakubali kwamba talanta haizai peke yake. Pawe na soko lililo wazi, na watu wa kuipokea. Palipofungwa soko, aliyelifunga naye ana hesabu ya kutoa: mwenye bunduki, mwenye ofisi aliyelala, na mwenye mali aliyeona mchezo wa mtoto kuwa upuuzi.

Wengine watauliza kama ni haki kuzungumzia raketi mahali ambapo watu wanazika. Nabii Zakaria, akiielezea Yerusalemu itakaporudishiwa amani, hakuanza na majumba wala majeshi. Aliwaona wazee wenye fimbo wameketi, na njia za mji zimejaa watoto wanaocheza. Kwake yeye mchezo ulikuwa alama kwamba Mungu amerudi kukaa na watu.

Butembo na Beni hazijazoea kungoja mtu wa mbali aje kuwajengea. Emmanuel Kataliko, askofu wao tangu 1966 hadi 1997, aliwahimiza waamini watengeneze barabara kwa mikono yao, na katika miaka yake, 1989, kikaanzishwa mjini Butembo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Kiwanja cha tenisi ni mita 23.77 kwa 10.97 ndani ya mistari, pamoja na nafasi ya kukimbilia pande zote. Parokia yenye uwanja mkubwa ina mahali hapo. Kanuni za kimataifa zina hata mpira wa pekee kwa miji iliyo juu ya mita 1,219 kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa nyepesi huurusha ule wa kawaida mbali mno. Butembo iko juu zaidi ya kiwango hicho. Atakayeagiza mipira ya kwanza, aagize hiyo.