Mawe Kutoka Katikati ya Mto

Somo: Yoshua 4:1–7



Kila Desemba hapa Nkoroi kuna mpendwa huniuliza, "Pastor, mti wa Krismasi si ni sanamu? Na Yeremia 10?" Yeremia alikemea watu waliochonga mti, wakaupamba kwa fedha na dhahabu, wakauogopa kama mungu. Wetu ni tawi tu la saiprasi kutoka kando ya Barabara ya Magadi, limesimamishwa kwenye ndoo ya mchanga. Mwaka mpya ukifika limeshakauka.

Lakini tunavyovitundika vina ushuhuda. Kuna ufunguo wa kufuli ya chumba tulichopanga tulipooana. Kuna nyota ya kadibodi aliyoikata binti yetu shule zilipofungwa 2020. Na kuna ukanda mdogo wa plastiki, ule aliovishwa mguuni mtoto wetu wa kwanza hospitalini. Aliishi siku tisa.

Niwaambie ukweli. Mwaka mmoja niliuficha ule ukanda kwenye droo. Nilijiambia: mimi nahubiri ushindi, wageni wanakuja, mbona tuweke msiba sebuleni? Mama watoto alipomaliza kupamba akaniuliza polepole, "Baba watoto, na wa kwanza yuko wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemficha mtoto.

Usiku huo nikasoma Yoshua 4. Israeli wamevuka Yordani. Mungu anaagiza mawe 12, ili siku moja watoto waulize maana yake. Ng'ambo mawe hayakukosekana, lakini Mungu aliagiza yatoke katikati ya mto, pale miguu ya makuhani iliposimama. Hilo sikuwa nimewahi kuliona. Ukumbusho unatoka pale ulipodhani utazama, Bwana akakushika.

Niliurudisha ukanda usiku huohuo. Krismasi ile kitindamimba wetu akaugusa: "Baba, hii ni ya nani?" Kwa mara ya kwanza nikamsimulia habari za kaka yake, na za Mungu aliyekaa nasi siku zile tisa, na ile ya kumi.

Mpendwa, hata kama kwako ni baluni na pamba tu ukutani, wiki hii tundika kitu kimoja kutoka katikati ya mto wako. Mtoto akiuliza, usimwambie aende akacheze. Keti naye, umwambie Bwana alikutoa wapi.

Mbarikiwe. Amina.