Ikhlasi Haidaiwi na Msimamizi



Katika jumuiya ndogo za misaada huku kwetu, tangu Mbarara na Kaberebere hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mtu anayeulizia malipo yake huweza kujibiwa: fanya kwa ajili ya Allah. Neno ni la haki. Swali ni je, msimamizi anaruhusiwa kulitoa mahali pa ujira?

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958, na leo inakaliwa na watu wa Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Wanaotafsiri, wanaofundisha watoto na wanaotembelea wagonjwa mara nyingi ni wakimbizi wenyewe. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inawapa haki ya kuajiriwa, lakini wengi huitwa "wa kujitolea", hupewa nauli, na hufanya kazi ya kutwa. Wala tusiseme wana mgao wa chakula: mwaka 2023 WFP ilianza kugawa chakula kwa makundi ya mahitaji, na wengine wakaondolewa kabisa.

Wanaotetea hali hii wana hoja nzito. Fedha ya sadaka ni amana, na kila shilingi ya mshahara inapunguza sahani ya yatima. Lakini tuitazame Surat At-Tawba, aya ya 60, inayotaja makundi 8 ya wanaostahiki zaka. La 3 ni wanaoitumikia zaka yenyewe. Aya inahusu zaka, ila inatufunza jambo pana: ujira wa haki wa mtumishi si wizi kwa fakiri. Sayyidna Umar (R.A.) alipotaka kuacha malipo ya kazi kama hiyo, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza ayapokee, kisha akipenda ayatoe sadaka.

Tofauti iko hapo. Anayepokea haki yake kisha akairudisha, ametoa. Anayenyimwa hajatoa kitu, amechukuliwa. Ikhlasi ni siri ya mja na Mola wake, na mwajiri hana ufunguo wa chumba hicho.

Na kama jumuiya haina fedha kweli? Basi iseme mapema, wakubaliane saa, na kazi ipunguzwe ilingane na uwezo. Hata anayejitolea kwa hiari ana mwili na watu wa nyumbani wenye haki juu yake, kama Salman alivyomkumbusha Abu Dardaa (R.A.), na Mtume (S.A.W.) akamsadikisha.

Ndugu msomaji, kesho wengi wetu tutaongoza jumuiya hizi. Kabla ya kuhesabu waliosaidiwa, tuwahesabu pia waliosaidia: nani amelipwa, nani amepumzika, nani anaogopa kuuliza. Allah atujaalie tusimsaidie mmoja kwa kumdhulumu mwingine. Amin.